Kutoka chungu cha tui hadi karai la Kilindoni

Nazi za Mafia huondoka kisiwani zikiwa kwenye magunia, au zimemwagwa tu ndani ya jahazi, kuelekea Dar es Salaam. Kwa njia hiyohiyo, vyombo vinaporudi, huja madumu ya mafuta ya kula: mafuta ya mawese yaliyosafishwa viwandani Dar, ambayo asili yake ni Malaysia na Indonesia, na alizeti ya Singida na Dodoma. Kisiwa kilichojaa minazi kutoka Kilindoni hadi Ras Mkumbi kinanunua mafuta ya kupikia kutoka ng'ambo. Wachumi wana maelezo yao, na maelezo yenyewe ni mepesi: nazi nzima ina soko mjini, kukamua mafuta nyumbani kunakula siku nzima na kuni nyingi, na mafuta ya dukani unapimiwa kwa kikombe hata kama mfukoni una mia chache.

Lakini hapa hatuzungumzii bei. Tunazungumzia kinachotokea mafuta yakishamiminwa kwenye karai na moto ukawashwa, na hasa kinachotokea siku ya pili na ya tatu, mafuta yaleyale yanapowekwa tena jikoni.

Fika mjini Kilindoni jua likikaribia kuzama. Kando ya barabara, makarai yanapangwa juu ya majiko ya mkaa: hapa samaki, pale mihogo, pembeni kachori na bajia, mbele kidogo vipande vya pweza. Mteja anasogea, "Shikamoo shangazi, nipatie mihogo ya mia tano, tia pilipili," na shangazi anaitikia bila kuinua macho kwenye mwiko. Mafuta ya karai lile ni ya rangi ya chai ya rangi. Jana yalikuwa ya dhahabu. Kesho yataongezwa kikombe kimoja cha mafuta mapya, yachanganyike na ya jana na juzi, na biashara iendelee.

Kizazi kimoja tu kilichopita, jikoni mwa Mafia mlitawaliwa na chungu. Samaki alichemshwa kwenye tui, kisamvu kikaungwa kwa nazi, kunde na choroko zikapikwa hivyohivyo, wali ukapikwa kwa tui la pili na kumaliziwa kwa tui zito. Kukaanga kulikuwepo, lakini kulikuwa na siku zake. Pat Caplan, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyefika Mafia kwa mara ya kwanza mwaka 1965 na kuendelea kurudi kwa miongo kadhaa, ameandika mengi kuhusu chakula cha kisiwa hiki, nani anakula nini na nani anakosa. Wala picha ya zamani si ya shibe tupu. Ilikuwepo njaa, na wanawake na watoto ndio walioionja zaidi. Hata hivyo, kuna tofauti kubwa ya kikemia baina ya chakula kinachoiva ndani ya maji na kinachoiva ndani ya mafuta. Tui likichemka haliwezi kupita sana joto la maji yanayochemka, nyuzi 100. Mafuta ya karai hufika nyuzi 160, 180, hata 190. Katika pengo hilo ndimo inamokaa habari yetu.

Kila mmea una steroli zake. Ni vitu vya jamii ya mafuta vinavyokaa kwenye utando wa seli za mmea na kuupa uimara, kama vile kolesteroli inavyofanya kwenye seli za mnyama na za binadamu. Zinazojulikana zaidi ni tatu: sitosteroli, kampesteroli na stigmasteroli. Ukizichora kwenye karatasi, zinafanana na kolesteroli kwa karibu kila kitu: pete nne zilizoshikana na mkia mmoja. Tofauti iko mkiani. Kampesteroli imeongezewa kaboni moja pale, sitosteroli imeongezewa mbili. Basi.

Tofauti ndogo hiyo mwili unaiona. Katika kolesteroli tunayokula, utumbo hufyonza takriban nusu. Katika steroli za mimea, kinachoingia kwenye damu huwa chini ya asilimia tano, kwa sababu seli za utumbo zina pampu maalumu zinazozitambua na kuzirudisha zilikotoka. Kabla hazijarudishwa, huwa zimeshafanya kazi yake. Ili kolesteroli ifyonzwe, lazima kwanza ipakiwe kwenye vitone vidogo vinavyotengenezwa na nyongo ndani ya utumbo mwembamba. Vitone hivyo vina nafasi chache, kama boti ya kuja Mafia kutoka Nyamisati siku ya mkesha wa Idi: steroli za mmea zikiwahi kukaa, kolesteroli inabaki gatini, na hatimaye hutoka na choo.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa Marekani walionyesha kwanza kwa kuku, kisha kwa watu, kwamba sitosteroli hupunguza kolesteroli kwenye damu, na kampuni ya Eli Lilly ikaiuza kama dawa. Mwaka 1995 Finland ikaingiza sokoni siagi ya mimea iliyotiwa stanoli, ndugu wa karibu wa steroli, na baada ya hapo rafu za maduka ya Ulaya zikajaa bidhaa za aina hiyo. Vipimo vingi vimekubaliana kwamba gramu mbili kwa siku hushusha kolesteroli mbaya, ile iitwayo LDL, kwa takriban asilimia 8 hadi 10. Kwa mtu mwenye kolesteroli ya juu hilo si dogo, ingawa ni mbali na nguvu ya vidonge vya statini.

Lakini gramu mbili ni nyingi. Hesabu kwa kutumia viwango vya Codex Alimentarius, ile kanuni ya kimataifa ya vyakula. Kilo moja ya mafuta ya nazi ina steroli kati ya miligramu 400 na 1,200. Ya mawese, kati ya 300 na 700. Ya alizeti, takriban 2,400 hadi 5,000. Ya ufuta, 4,500 hadi 19,000. Ya mahindi huweza kupita 20,000. Mtu wa Mafia akitaka gramu mbili kutoka mafuta ya nazi peke yake itabidi anywe zaidi ya kilo moja na nusu kwa siku, na pengine tano. Kwa alizeti itamlazimu kunywa kati ya gramu 400 na 800 hivi. Hakuna daktari atakayemruhusu, na mimi simshauri.

Ndiyo maana wengine walidhani steroli zilizomo kwenye chakula cha kawaida hazina maana yoyote. Mwaka 2002 Richard Ostlund na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walifanya jaribio la busara. Walichukua mafuta ya mahindi ya kawaida ya dukani, wakayaondolea steroli zake, kisha wakawalisha watu chakula chenye mafuta hayo na chakula chenye mafuta ambayo hayajaguswa. Steroli zilipoondolewa, ufyonzaji wa kolesteroli ulipanda kwa asilimia 38. Kumbe hata kile kiasi kidogo kilicho kwenye kijiko cha mafuta, kwenye kunde, kwenye korosho za kaskazini mwa kisiwa, kwenye mbegu za ufuta zilizonyunyizwa juu ya mkate, kinafanya kazi kimyakimya kila siku.

Wazee wa pwani walikuwa na ufuta kwa wingi. Mafuta ya uto, yaani ya ufuta, yalishindikwa kwenye vinu vilivyozungushwa na ngamia, Unguja na miji mingine ya mwambao, na ndiyo yaliyokaangia na kuungia kabla ya madumu ya plastiki. Uto una steroli nyingi, na pia una kinga zake za asili dhidi ya kuharibika, jambo tutakaloliona thamani yake hivi punde. Leo Tanzania ni miongoni mwa wakulima wakubwa wa ufuta Afrika, na sehemu kubwa ya mbegu hizo hupakiwa melini kwenda Asia. Tunauza ufuta, tunanunua mawese. Kila mtu na hesabu zake.

Bahari nayo ina steroli zake, tena za kushangaza. Chaza na kombe wanaookotwa maji yakitoka, kwenye visiwa vya jirani vya Chole na Jibondo, hujilisha kwa mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na kwa hiyo nyama yao hubeba steroli za mimea pamoja na kolesteroli. Mwani mwekundu unaolimwa na wanawake wa Jibondo unafanya kinyume: ni mmea, lakini steroli yake kuu ni kolesteroli. Mtu anayesema kwa mkato kwamba "mimea haina kolesteroli" hajawahi kuupima mwani. Kiasi chenyewe ni kidogo mno kumdhuru yeyote, lakini maumbile hayajali mipaka tunayoyachorea.

Sasa turudi kwenye moto.

Kwenye ile picha ya pete nne kuna sehemu moja dhaifu, kiungo maradufu baina ya kaboni ya tano na ya sita. Kaboni ya saba, jirani yake, ndiyo inayoshambuliwa kwanza na oksijeni. Joto likipanda, mafuta yenyewe huanza kuvunjika na kutoa chembe zenye hasira zinazonyang'anya hidrojeni kutoka kila zinachokigusa. Steroli ikinyang'anywa, oksijeni huchukua nafasi, na hapo huzaliwa vitu vipya: 7-ketositosteroli, 7-hidroksisitosteroli, epoksidi, na vinginevyo vya ukoo huo. Kwa ufupi tuviite oksidi za steroli. Kolesteroli ya samaki na nyama hupitia njia hiyohiyo na kuzaa oksidi zake.

Ni nini kinachoharakisha? Joto kubwa, kwanza. Muda, pili: saa moja si sawa na saa sita. Hewa, na hapa umbo la karai lina hatia yake, kwa sababu karai ni pana na mafuta yake yametandaa mbele ya hewa kwa eneo kubwa. Chuma cha karai lililokwanguka hutoa chembe zinazosukuma mvurugo huo mbele. Makombo ya unga wa bajia yanayobaki chini na kuungua, maji na chumvi ya samaki, vyote vinachangia. Na mwanga: chupa ya plastiki nyeupe iliyopangwa mbele ya duka, jua la saa saba likiipiga, huanza kuharibika kabla ya kuona moto.

Kitu kingine kinachoamua ni aina ya mafuta yenyewe, na hapa ndipo nazi inapodai heshima yake. Mafuta ya nazi ni yaliyoshiba kwa karibu asilimia 90, na karibu nusu yake ni asidi ya lauriki. Mafuta yaliyoshiba hayana viungo maradufu vya kushambuliwa, kwa hiyo hukaa kwenye moto muda mrefu bila kuvunjika. Alizeti ya kawaida ni kinyume chake: ina steroli mara nyingi zaidi, lakini asidi zake nyingi ni zile zenye viungo viwili dhaifu, na zikianza kuvunjika huvuta steroli pamoja nazo. Mawese yako katikati, nusu yameshiba na nusu hayajashiba, ndiyo maana viwanda vya chipsi duniani vinayapenda. Kwa hiyo mafuta yenye steroli nyingi za kutusaidia ndiyo hayohayo yaliyo mepesi kuzigeuza. Sioni njia ya kuukwepa mkinzano huu kwa kubadilisha chupa tu.

Je, oksidi hizo zinadhuru? Katika maabara, jibu ni ndiyo. Seli za mishipa ya damu na seli nyingine zikimwagiwa oksidi za steroli kwa wingi, hupata msukosuko, huvimba, na nyingine hufa, ingawa kwa kawaida oksidi za kolesteroli zenyewe ni kali zaidi. Lakini msomaji makini aulize: wingi gani? Viwango vinavyotumika kwenye majaribio mengi ya seli ni vikubwa mara nyingi kuliko vile vinavyopatikana kwenye damu ya mtu. Majaribio ya wanyama nayo hayakubaliani: panya waliolishwa oksidi hizo katika baadhi ya maabara walionekana kuathirika, kwingine mishipa yao haikubadilika zaidi ya ya wenzao. Anayewaambia kwamba bajia moja inaua anatia chumvi, na anayesema hakuna neno hajasoma vya kutosha.

Hata steroli zenyewe, kabla ya kuungua, zina upande wa pili. Mwaka 1974 madaktari Bhattacharyya na Connor wa Marekani waliandika habari za dada wawili waliokuwa na vinundu vya mafuta kwenye kano, wakati kolesteroli yao haikueleza vinundu hivyo. Damu yao ilikuwa imejaa sitosteroli. Zile pampu za utumbo zilikuwa hazifanyi kazi, na steroli za mimea ziliingia mwilini na kukaa. Ugonjwa huo wa kurithi ni adimu sana, na jeni zake mbili zilitambuliwa mwaka 2000. Kisha mwaka 2022 watafiti waliochambua jeni za maelfu ya watu wa asili ya Ulaya wakaandika kwamba tofauti ndogondogo kwenye jeni hizohizo, zinazomfanya mtu wa kawaida afyonze steroli kidogo zaidi, zinaambatana na mishipa ya moyo kuziba zaidi. Hapo ndipo mjadala ulipo leo miongoni mwa wataalamu wa moyo. Umoja wa Ulaya tangu 2004 umeamuru bidhaa zilizoongezwa steroli ziandikwe kwamba mtu asizidishe gramu tatu kwa siku, na kwamba huenda zisiwafae wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka mitano. Ndugu zetu walioko Uingereza wanaowatumia wazazi makopo ya siagi hizo waisome lebo kabla ya kufunga mzigo. Steroli za kunde na korosho hazina onyo la aina hiyo wala hazilihitaji.

Ushahidi unaonigusa zaidi kuhusu karai unatoka kwenye mji mdogo wa Hispania uitwao Pizarra, mkoa wa Málaga. Watafiti wakiongozwa na Federico Soriguer hawakuwauliza watu tu wanakula nini. Waliingia majikoni na kuchota mafuta yaliyokuwa kwenye vikaango. Waliyapima yameharibika kiasi gani, kisha wakapima presha za wenye nyumba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kadiri mafuta ya jikoni yalivyoharibika ndivyo shinikizo la damu lilivyoelekea kuwa juu zaidi, na kwamba mafuta ya zeituni yaliharibika kidogo kuliko ya alizeti. Huko Malaysia, panya waliolishwa mafuta ya mawese na ya soya yaliyopashwa moto mara kwa mara walipandwa na presha. Uchunguzi wa Pizarra hauwezi kutuambia ni kitu gani ndani ya mafuta hayo kilichofanya kazi hiyo, oksidi za steroli au mojawapo ya mamia ya vitu vingine vinavyozaliwa humo. Vinakuja pamoja. Anayeyamwaga mafuta yaliyoungua anavimwaga vyote.

Kwa Tanzania hili si jambo la pembeni. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na kiasi kama hicho wana kolesteroli iliyozidi. Ukiongeza chumvi ya samaki mkavu, sigara na uzito, utaona kwa nini Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, haikosi wagonjwa.

Basi turudi kwenye nazi tu? Kuna watu wanaohubiri hivyo, hasa mitandaoni, na kisiwani mahubiri hayo hupokelewa kwa furaha, maana nani hapendi kuambiwa kwamba mnazi wa babu yake ni dawa. Mimi ningekwenda taratibu. Uchambuzi wa majaribio mengi uliotoka mwaka 2020 katika jarida la Circulation ulionyesha kwamba mafuta ya nazi, yakilinganishwa na mafuta kama alizeti, hupandisha LDL kwa takriban miligramu 10 kwa desilita moja ya damu. Kutoharibika kwenye moto hakulifuti hilo.

Majirani zetu wa Bahari ya Hindi wametupa mfano. Mwaka 1987 serikali ya Mauritius ilibadilisha mafuta ya mgawo yaliyouzwa kwa bei nafuu: kutoka mafuta yaliyokuwa mengi ya mawese hadi soya tupu. Miaka mitano baadaye wastani wa kolesteroli ya watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Watafiti walihesabu kwamba badiliko la mafuta lilichangia sehemu ya kushuka huko, si lote. Mimi naongeza tu kwamba soya, mbali na kuwa na mafuta yasiyoshiba, ina steroli mara nyingi zaidi ya mawese.

Upande mwingine wa dunia, Pasifiki, Ian Prior na wenzake walichapisha mwaka 1981 habari za visiwa vya Tokelau na Pukapuka. Watu wa Tokelau walipata zaidi ya asilimia 60 ya nguvu zao kutoka kwenye nazi. Kolesteroli yao ilikuwa juu kuliko ya Pukapuka waliokula nazi kidogo, lakini maradhi ya mishipa yalikuwa machache pote pawili. Walikula nazi, ndiyo, ila waliila pamoja na samaki, bila sukari nyingi, bila chumvi nyingi, wakifanya kazi za mikono. Nazi ya Tokelau ilikuwa ndani ya maisha yake. Haikuwa karai la chipsi kando ya barabara.

Na hapa nyumbani tuna Lugalawa, wilayani Ludewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 katika The Lancet uliwalinganisha wanakijiji wa milimani waliokula mimea karibu pekee na wenzao wa mwambao wa Ziwa Nyasa waliokula samaki gramu 300 hadi 600 kwa siku. Kwa hoja ya steroli peke yake ungetarajia walaji wa mimea washinde. Walishinda walaji wa samaki: kolesteroli 3.5 dhidi ya 4.1, na presha ya chini pia. Mtu wa Mafia anayesoma hili ana haki ya kutabasamu, kwa sababu samaki anaye mlangoni. Ila samaki wa Nyasa hawakufanyiwa wote yale tunayowafanyia samaki wa Kilindoni.

Dagaa, kwa mfano. Dagaa wa Mafia huchemshwa kwa maji ya chumvi, kisha huanikwa juani mpaka wakauke, ndipo wasafirishwe. Mafuta ya samaki ndiyo dhaifu kuliko yote mbele ya oksijeni, na dagaa mdogo ana ngozi nyingi kwa nyama kidogo, kwa hiyo jua na hewa humwingia kote. Kolesteroli iliyomo hugeuka oksidi, na kadiri dagaa wanavyokaa ghalani mahali penye joto ndivyo zinavyozidi. Dagaa wa rangi ya fedha na harufu ya bahari ni wa kununua. Yule wa manjano, anayewasha kooni, mafuta yake yamekwisha kuharibika. Kumtumbukiza kwenye karai la siku ya tatu ni kuongeza ubaya juu ya ubaya. Bado, kwa mtoto wa kisiwani, dagaa ni madini ya chokaa na protini ambavyo hakuna kidonge kitakachovileta kwa bei ile, na sitaki mtu aache kula dagaa kwa sababu ya makala ya gazeti.

Kazi kubwa basi iko kwenye karai. Nchi kadhaa za Ulaya zina sheria: mafuta ya kukaangia yakifikisha asilimia 24 hadi 27 ya vitu vilivyoharibika humwagwa, na mkaguzi ana kipimo cha kuyapima papo hapo. Mama lishe wa Kilindoni hana kipimo, ila ana macho na pua, navyo hupatia mara nyingi. Mafuta yanayotoa moshi kabla ya kuwa moto sawasawa, yanayofanya povu jingi lisilotulia, yaliyokuwa mazito na kunata kwenye ukingo wa karai, yamemaliza kazi yake. Kuyachuja makombo kila jioni, kuyafunika, na kuyaweka gizani kwenye chombo kisicho wazi huongeza umri wake. Kuongeza mapya juu ya ya zamani hakuyafufui. Yale ya zamani huyaambukiza mapya uharibifu wake ndani ya saa chache.

Ugumu ni kwamba mama yule anajua haya, au anayajua nusu yake, na bado hawezi kumwaga. Faida ya siku ya mihogo huenda isifikie bei ya lita mbili za mafuta. Mwezi wa Ramadhani, futari ikidai bajia, sambusa na kachori kwa pamoja, karai hukaa motoni kutoka alasiri hadi magharibi na mafuta hupanda bei papo hapo. Kumhubiria kuhusu kaboni ya saba ni kumdhihaki. Kinachowezekana ni kupunguza mafuta yenyewe. Karai pana la lita tatu linaweza kubadilishwa na sufuria nyembamba yenye kina, ya alumini, inayohitaji lita moja tu. Inaachia hewa eneo dogo, inapata joto haraka, inakula mkaa kidogo, na jioni kinachobaki ni kidogo kiasi cha kumwagwa au kupelekwa kwa anayepika sabuni bila kumuuma mwenye biashara. Mihogo itaiva kwa mikupuo midogo zaidi, na mteja atasubiri kidogo kwenye benchi.